Kutoka Chumba Namba 9 hadi Aspen Hill

Watalii wa Washington huenda Ikulu, Bunge na kwenye sanamu ya Lincoln, wakapiga picha, wakamaliza. Mimi niliomba kupelekwa barabara moja tu. Katikati ya mji inaitwa 7th Street. Ikipanda kaskazini na kukutana na Florida Avenue inakuwa Georgia Avenue, inavuka mpaka wa jimbo la Maryland, inapita Silver Spring, Wheaton na Aspen Hill, na bado inaendelea. Shemeji yangu aliponisikia alicheka hadi akaweka kikombe chini.

"Shemeji, yaani umetoka Dar, ukalipa nauli yote hiyo, uje kuona Georgia Avenue? Si ni kama Mzungu atue Nairobi aseme nipelekeni Jogoo Road!"

Sababu nilikuwa nayo. Naandika habari za afya, na kwa miaka mingi nimesikia majeshi yakizungumzia simu: simu ya tabibu wa kikosi, simu ya mgonjwa aliyeruhusiwa kwenda nyumbani, programu inayobeba faili la majeruhi kutoka porini hadi wodini bila adui wala kibaka kulichungulia. Jeshi la Marekani limehangaika na jambo hili hadharani kuliko jingine lolote ninalolifahamu, na sehemu kubwa ya mahangaiko hayo imejipanga kando ya barabara hii.

Mwenyeji wangu pia hakuwa mtu wa kubahatisha. Shemeji ni mtu wa Kericho, amemuoa mdogo wangu wa kike. Aliingia jeshini kupitia mpango wa MAVNI, ulioanza kuandikisha wageni mwaka 2009 kwa masharti kwamba wawe na taaluma ya afya au lugha ambayo jeshi linaihitaji. Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wakamfundisha utabibu wa kikosi, ile kazi ya kukimbilia aliyepigwa risasi wakati wengine wamelala chini. Jina la Walter Reed alilijua tangu utotoni, kwani taasisi ya utafiti ya jeshi hilo yenye jina hilo ina mradi Kericho, kama inavyofanya kazi na hospitali ya rufaa kule kwetu Mbeya.

Tulianzia 7th Street, nyumba namba 437. Kuna mlango mwembamba, kisha ngazi za mbao zinazolia kila unapokanyaga, kisha chumba namba 9. Hapa aliishi na kufanya kazi Clara Barton, mwanamke aliyehudumia majeruhi katika vita ya wenyewe kwa wenyewe ya 1861 hadi 1865. Vita ilipokwisha, familia zikaanza kuuliza: yuko wapi mtu wetu? Serikali haikuwa imewapa askari vitambulisho. Kuna waliojiandikia jina kwenye karatasi na kuibana mgongoni mwa koti kabla ya kuingia mapambanoni, ili atakayeokota maiti ajue ni ya nani. Barton akafungua ofisi ya kutafuta waliopotea. Hadi mwaka 1868 alikuwa amepokea barua zaidi ya 63,000 na kupata habari za watu zaidi ya 22,000. Baadaye chumba kikasahaulika kabisa. Mwaka 1996 mtumishi wa serikali, Richard Lyons, alitumwa kukagua jengo lililokuwa linangoja kubomolewa, akakuta juu ya dari nyaraka na kibao cha ofisi yenyewe.

Nilisimama pale nikiwafikiria wapagazi wetu wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wale waliopiga kambi palipo soko la Kariakoo leo. Upande wa Waingereza peke yake walikufa karibu laki moja, wengi kwa kuhara, malaria na njaa, na wengi hawana hata kaburi lenye jina. Hatukuwa na Clara Barton. Shemeji alikuwa anasoma bango jingine, akanong'ona bila kugeuka: "Hapa ndipo ungeelewa tabibu wa kikosi anapigania nini. Kufunga kidonda tunafundishwa wote. Kazi ni huyu mtu asipotee njiani."

Kutoka hapo tulipanda basi. Tulipita Chuo Kikuu cha Howard, tukapita vinyozi, makanisa na maduka ya pombe, tukashuka kwenye makaburi madogo ambayo nusu ya madereva wa barabara hiyo hawajui kama yapo. Wamezikwa askari 41, mawe yao yamezunguka mlingoti wa bendera. Karibu wote walikufa Julai 1864 wakiilinda ngome ya Stevens, ambako Lincoln mwenyewe alisimama ukutani risasi zikipita. Hatukukaa sana.

Palipotuchelewesha ni mbele kidogo, kwenye uzio wa hospitali ya zamani ya Walter Reed. Ilipokea mgonjwa wa kwanza mwaka 1909, Rais Eisenhower akafia humo mwaka 1969, ikafungwa 2011 na huduma zake kuunganishwa na hospitali ya wanamaji ya Bethesda. Leo ndani kuna nyumba za kupangisha, watoto na baiskeli. Lakini mimi nilitaka kuona ng'ambo ya barabara, nje ya geti, palipokuwa na Jengo Namba 18. Lilikuwa hoteli ya wapita njia kabla ya jeshi kulichukua na kulaza humo askari waliotoka Iraki na Afghanistani, waliokwisha kutibiwa lakini wakawa wanasubiri maamuzi juu ya maisha yao. Februari 2007 waandishi wawili wa *Washington Post*, Dana Priest na Anne Hull, waliandika waliyoyakuta: kuvu ukutani, panya, mende, na watu wenye majeraha ya kichwa wakizunguka na makaratasi. Askari wa kawaida alitakiwa kujaza nyaraka 22 kwa kamandi nane tofauti. Fomu hizo zilishughulikiwa na mifumo 16 ya taarifa, na mingi kati ya hiyo haikuwa inasomana. Waziri wa jeshi la nchi kavu alijiuzulu, na mkuu wa hospitali akaondolewa.

Watu wengi wanakumbuka kuvu na panya. Mimi naona aibu kubwa zaidi ilikuwa ile mifumo 16. Mtu ambaye bomu limemvuruga kumbukumbu anaambiwa akumbuke miadi yake mwenyewe, abebe faili lake mwenyewe, na asipofika anaandikwa mtoro. Ndipo kituo cha teknolojia ya tiba cha jeshi kilichoko Fort Detrick, Maryland, kikaleta mwaka 2009 mradi wa mCare. Wazo lake lilikuwa jepesi: mgonjwa anayo simu yake mfukoni tayari, basi tumtumie humo kikumbusho cha miadi na mwongozo wa kujitunza. Haukupita kwenye ujumbe wa kawaida wa simu, ambao yeyote atakayeshika simu anaweza kuusoma. Mgonjwa alipata taarifa tu kwamba kuna ujumbe, akafungua programu kwa namba ya siri, na ndani maneno yalikuwa yamesimbwa. Simu ilikuwa yake, laini ilikuwa yake, siri ikabaki ya hospitali. Kwa wakati ule, miaka miwili tu tangu simu ya iPhone itoke, huo ulikuwa uamuzi wa kijasiri kwa jeshi lolote.

Tulivuka kuingia Maryland. Silver Spring ina Wahabeshi wengi, na harufu ya kahawa inayokaangwa hukukuta barabarani. Tulikula injera, kisha tukaenda makumbusho ya afya na tiba ya jeshi, yaliyoanzishwa 1862 wakati vita ikiendelea, kwa amri ya kukusanya mifupa, risasi na kumbukumbu za upasuaji kutoka medani. Mfupa maarufu zaidi ni wa Jenerali Daniel Sickles. Mzinga ulimvunja mguu Gettysburg tarehe 2 Julai 1863, ukakatwa, naye akaupeleka makumbusho ndani ya kisanduku pamoja na kadi ya salamu. Baada ya hapo alikuwa akija kuutembelea. Shemeji aliuangalia akasema tu, "Wazungu bwana."

Mbele ya kipande cha zege hakusema kitu. Ni sakafu iliyokatwa kutoka hema la hospitali ya jeshi la anga kule Balad, Iraki, chumba walikofikishwa majeruhi moja kwa moja kutoka kwenye helikopta. Ni zege kama la karakana yoyote, lina mikwaruzo na madoa. Wamelileta zima, likavuka bahari, likawekwa hapo. Niliinama nikaliangalia kwa karibu, nikajiuliza kila aliyepita juu yake alifika na karatasi gani mkononi.

Jibu nilipewa nje, kwenye benchi. Shemeji alitoa kwenye pochi kadi iliyokunjwa, DD 1380, ile ambayo kila askari hubeba kwenye kifurushi chake cha huduma ya kwanza. Upande mmoja kuna mchoro wa mwili wa mtu, mbele na nyuma, unaweka alama palipopigwa. Kuna nafasi ya kuandika saa ambayo mkanda wa kuzuia damu ulikazwa kwenye kila mkono na mguu, kwa sababu mkanda ukikaa saa nyingi kiungo hufa. Kuna safu za mapigo ya moyo, presha, pumzi, maumivu kwa kipimo cha 0 hadi 10. Upande wa pili ni dawa, damu, maji ya mshipani. Unaiandika kwa kalamu ya wino usiofutika na kumfungia majeruhi.

"Sasa niambie," akasema, "usiku, mvua, glavu zina damu, jamaa anapiga kelele, na helikopta inashuka. Utaandika mangapi?"

Machache sana. Wamarekani walipojikagua waligundua kwamba kwa miaka mingi ya vita zile, majeruhi wenye kumbukumbu yoyote ya huduma kabla ya kufika hospitali hawakufika asilimia 10. Daktari alipokea mtu bila kujua amepewa morfini kiasi gani wala saa ngapi. Waliofanya tofauti ni kikosi cha makomando cha 75th Ranger Regiment. Walitengeneza kadi yao rahisi, kila askari akafunzwa kuijaza, makamanda wakaifuatilia kama wanavyofuatilia risasi, na taarifa zikaingizwa kwenye daftari moja. Ripoti yao ya 2011 ilihesabu majeruhi 419 wa mapambano tangu Oktoba 2001 hadi Machi 2010. Walikufa 32, na hakuna hata mmoja aliyekufa kwa jambo ambalo huduma ya mwanzo medani ingeweza kulizuia. Nasisitiza kwamba waliyafanya hayo kwa karatasi na nidhamu, kwa sababu wauza teknolojia hupenda kuanza hadithi kwenye simu.

Simu yenyewe ipo. Maabara ya utafiti ya jeshi la anga, kambi ya Wright-Patterson huko Ohio, ilitengeneza programu iitwayo BATDOK. Inakaa kwenye simu ya Android iliyofungwa kifuani au mkononi mwa tabibu. Vipimo vidogo visivyo na waya hubandikwa kwa majeruhi, na tabibu mmoja anaona mapigo ya moyo na oksijeni ya watu kadhaa kwa pamoja huku akiendelea na mwingine. Saa inajiandika yenyewe, na mwisho wake ni kadi ileile ya DD 1380 iliyojazwa tayari.

Usalama wa kifaa kama hicho si ule wa benki. Benki inaogopa mwizi wa data. Jeshi linaogopa pia mawimbi, maana simu inayotuma inasikika, na anayesikika anapigwa. Kwa hiyo programu ya tabibu lazima iweze kufanya kazi bila mtandao kabisa, itunze kila kitu ndani ikiwa imesimbwa, na isubiri palipo salama ndipo itume. Samsung ilipotoa mwaka 2020 simu ya kijeshi ya Galaxy S20 Tactical Edition, miongoni mwa mambo iliyotangaza ni namna ya kuzima mawimbi yote kwa mkupuo na ya kutumia kioo ukiwa umevaa miwani ya kuonea gizani.

Na afya yenyewe ni siri ya kivita. Januari 2018 mwanafunzi wa Australia, Nathan Ruser, aligundua kwamba ramani iliyochapishwa na programu ya mazoezi ya Strava ilikuwa inaonyesha kambi za Wamarekani Syria na Afghanistani. Askari walikimbia kila asubuhi wakiwa na saa za kuhesabu hatua na mapigo ya moyo, na njia zao zikang'aa katikati ya jangwa lenye giza. Agosti mwaka huo Pentagon ikapiga marufuku kutumia uwezo wa vifaa wa kuonyesha mahali mtu alipo katika maeneo ya operesheni. Hakuna aliyekuwa ameiba kitu. Watu walikuwa wanajitunza afya tu.

Njiani kwenda Wheaton shemeji alinisimulia upande ambao hauandikwi kwenye vipeperushi. Katika zahanati moja ya kambi alikofanya kazi, kusoma faili la mgonjwa kulihitaji kadi ya utumishi yenye chipu, kisomeo chake, namba ya siri, kisha kungoja. Ukichomoa kadi kwenda chooni, unaanza upya. Kwenye simu ya kazi ilikuwa taabu zaidi, kwani kisomeo kilikuwa kifaa kingine cha kubeba kando. Basi mtu akiwa na upele wa ajabu, nesi alitoa simu yake mwenyewe, akapiga picha, akamtumia daktari kwenye programu ya kawaida ya kuchati. Jibu lilirudi ndani ya dakika.

"Mkubwa wenu hakujua?"

"Si yeye ndiye alikuwa daktari, shemeji!"

Wizara ya Ulinzi haikuwa imelala. Mei 2013 iliidhinisha simu za iPhone na za Samsung zenye ulinzi wa Knox, ambao hutenga mambo ya kazi na ya mtu binafsi ndani ya simu moja. Lakini kuidhinisha simu makao makuu ni jambo moja, na kumrahisishia nesi wa saa tisa usiku ni jingine.

Ili kuelewa kwa nini kufuli ziliwekwa nzito hivyo, inabidi ufike Aspen Hill. Hakuna cha kuona. Ni mtaa wa watumishi wa kawaida, nyumba zenye bustani mbele, nyavu za mpira wa kikapu juu ya milango ya gereji. Hatukutafuta nyumba yenyewe, mwenyewe aachwe apumzike. Tarehe 3 Mei 2006 wezi waliingia katika nyumba ya mchambuzi wa idara ya maveterani na kuchukua laptopu na diski yake. Alikuwa amepeleka kazi nyumbani. Ndani kulikuwa na majina, tarehe za kuzaliwa na namba za hifadhi ya jamii za maveterani na wanajeshi wapatao milioni 26.5, kwa baadhi yao hata viwango vya ulemavu, na hakuna kilichosimbwa. Umma uliambiwa tarehe 22. Mwishoni mwa Juni vifaa vilipatikana, na wachunguzi wa FBI wakasema data haikuguswa. Mwaka 2009 serikali ilikubali kulipa dola milioni 20 kumaliza kesi ya maveterani. Kabla ya hapo, Juni ileile ya 2006, ofisi ya bajeti ya Ikulu ilikuwa imezitaka idara zote zisimbe data kwenye kila kifaa cha kubebeka.

Aspen Hill ilikuwa 2006, Jengo Namba 18 likafuata 2007, kwenye barabara moja, mwendo wa gari usiofika nusu saa kama hakuna foleni. Tukio la kwanza lilifundisha kufunga taarifa. La pili lilifundisha kwamba taarifa isiyomfikia anayetibu inaumiza watu. Taasisi nyingi nilizowahi kuzitembelea zimesikia somo la kwanza tu, pengine kwa sababu data ikiibwa kuna kesi na vichwa vya habari, ilhali mgonjwa aliyekosa miadi hufa kimyakimya.

Kwetu masuala haya yameshafika. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data tangu 2019, Tanzania ilipitisha yake 2022, na zote zinahesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Wakati huohuo kuna makundi ya WhatsApp ya madaktari yenye picha za eksirei na majina ya wagonjwa juu yake, na askari wetu wamekwenda Darfur, Somalia na mashariki ya Kongo, ambako majeruhi wa kikosi kimoja anaweza kupita mikononi mwa mataifa matatu kabla ya kufika kitandani. Hospitali za jeshi kama Lugalo hutibu raia pia, kwa hiyo siri zinazotunzwa humo si za askari peke yao.

Basi wakubwa wa Lugalo, na wenzenu wa Nairobi, kabla hamjasaini zabuni ya mfumo wowote, ombeni simu moja ya majaribio. Mpeni nesi wa zamu ya usiku, avae glavu zilizolowa, zimeni mtandao, mwambieni aandike saa ya mkanda na dozi ya dawa. Mkimwona anaitoa mfukoni simu yake mwenyewe, msisaini.